Msaada wa Nchi za Nje na Shule za Kipsing

Kipsing si mji mkubwa. Ni kituo cha wafugaji katika wadi ya Oldonyiro, magharibi ya mji wa Isiolo, kando ya mto wa mchanga ambao maji yake hupita juu wakati wa mvua tu, na siku nyingine huna budi kuyachimba. Wenyeji wake wengi ni Wasamburu na Waturkana, watu wa mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mahali kama hapo mtoto akikosa shule muhula mmoja, mara nyingi harudi tena, kwa kuwa mifugo humngojea na malisho yako mbali. Kwa hiyo neno la fedha za shule, zinatoka wapi na zitakoma lini, si neno la wakubwa wa Nairobi peke yao. Ni neno la kila mzazi, naye mkulima wa Meru na karani wa Nyeri watakuta kwamba linawahusu vile vile.

Wasomaji wengi hudhani kwamba Serikali ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Sivyo. Kwa Katiba ya mwaka 2010 Kenya ina serikali ya taifa na serikali za kaunti 47, nazo kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kaunti ilipewa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari zilibaki mikononi mwa serikali ya taifa, na mwalimu wake huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, ile ambayo wengi huiita TSC. Basi mzazi wa Kipsing ambaye mtoto wake wa chekechea hana mwalimu, yampasa kwenda kwa mjumbe wake wa wadi na kwa kaunti huko Isiolo. Yule ambaye mtoto wake wa darasa la tano hana mwalimu, akienda kwa kaunti atakuwa amechosha miguu yake bure.

Mpango huu wa kugawa kazi haukuanza jana. Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya ndizo zilizoendesha shule za msingi, pamoja na zahanati na barabara nyingi. Lakini kazi ilikuwa kubwa kuliko mfuko. Halmashauri nyingi zilishindwa kukusanya kodi ya kutosha, na mishahara ya walimu ikachelewa. Mwanzoni mwa mwaka 1970, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1969, kazi hizo zikachukuliwa na Serikali Kuu. Watu wa mahali wakapoteza mzigo, lakini wakapoteza na sauti. Tujifunze hapo: kumpa mtu kazi bila kumpa fedha si kumpa madaraka. Kwa sababu hiyo Katiba ya 2010 iliweka wazi kwamba kaunti zote pamoja zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokwisha kukaguliwa.

Sasa twende kwenye fedha za wageni. Januari 2003 Serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Watoto wakaja kwa wingi hata madarasa yakafurika. Serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na Benki ya Dunia, Uingereza na wengine wakasaidia. Jambo la kusifiwa ni njia iliyotumika. Fedha hazikupitishwa katika ofisi nyingi. Zilipelekwa moja kwa moja katika benki, kwenye hesabu mbili za kila shule, moja ya vitabu na moja ya matumizi mengine. Kamati ya shule ndiyo iliyoamua vitabu gani vinunuliwe na paa lipi litengenezwe.

Wako waliosema kwamba hilo ni kosa. Walisema wazee wasiojua kusoma hawawezi kulinda fedha, na kwamba ni afadhali zikae kwa wenye elimu katika makao makuu. Jambo lililotokea baadaye lapaswa kuwafanya wafikiri tena. Mwaka 2009 wakaguzi waligundua kwamba fedha za mpango wa elimu zilikuwa zimepotea ndani ya Wizara yenyewe, mahali penye wasomi wengi. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza ikazuia msaada wake, na Januari 2010 Marekani nayo ikazuia wake. Waliotia mkono mfukoni hawakuwa wazee wa kijiji, lakini aliyekosa kitabu alikuwa mtoto wa kijiji.

Hatusemi kwamba watu wa mahali ni malaika. Kamati ya shule nayo yaweza kula fedha, na mwenyekiti aweza kumpa ndugu yake kazi ya kujenga choo kisichosimama. Tofauti ni kwamba choo kikianguka Kipsing, kila mtu hukiona, na anayeulizwa yupo hapo hapo. Fedha ikianguka Nairobi, mfugaji husikia habari zake baada ya miaka miwili, kama ana redio.

Mfano wa pili ni chakula. Tangu mwaka 1980 Shirika la Chakula Duniani la Umoja wa Mataifa lilisaidia kulisha watoto shuleni katika sehemu kavu za Kenya. Kila mwalimu wa sehemu hizo ajua kwamba siku sufuria inapokuwa jikoni, madawati hujaa, na siku inapokuwa tupu, watoto huonekana kwenye malisho. Shirika hilo halikuondoka ghafula. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wake wenyewe wa kununua chakula kwa wakulima wa nchi hii, ikapokea shule kidogo kidogo, na mwaka 2018 shirika likamaliza kuikabidhi kazi yote. Tangu hapo chakula cha shule ni deni la Serikali kwa raia wake, nalo huandikwa katika makadirio ya kila mwaka. Kikichelewa, mzazi ana haki ya kumwuliza Mbunge wake. Mgeni aliyetoa kwa hiari hawezi kuulizwa hivyo.

Hali kadhalika nchi za nje zimesaidia serikali za kaunti kusimama. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola za Marekani milioni 200 kwa mpango wa kuimarisha kaunti. Sharti lilikuwa hili: kaunti hupimwa, na ile iliyotunza hesabu, ikapanga kazi na kuwasikiliza raia, hupata nyongeza. Huko Isiolo kwenyewe, katika miaka ya mwanzo ya kaunti, Uingereza ilisaidia mfuko wa kupambana na ukame. Kamati zilizochaguliwa na raia katika wadi ndizo zilizoamua matumizi ya asilimia 70 ya fedha hizo. Fedha hizo zilikuwa za mambo kama maji na mifugo, si za shule. Lakini maji yakiwa karibu, mtoto wa kike hutumia asubuhi yake darasani badala ya kuitumia kisimani. Mpango huo ulipendeza hata kaunti nyingine zikaufuata, na mwaka 2021 Benki ya Dunia ikakubali kusaidia mpango wa namna hiyo kwa nchi nzima.

Marekani nayo, kwa shirika lake la USAID, ilikuwa na mpango ulioitwa AHADI wa kufundisha watumishi na wajumbe wa kaunti kazi zao. Lakini mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani ilikata misaada mingi, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likakoma kuendesha misaada. Hakuna mtu wa Kipsing aliyeulizwa, wala hakuna kosa alilofanya. Mwenye mali aligeuza nia, basi. Wazee walikwisha kutuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, tukatae misaada? La. Mwenye kiu hakatai kibuyu cha jirani. Ila tuipokee kwa akili, na akili hiyo ni kuuliza maswali matatu kabla ya kupiga makofi siku ya kukata utepe.

Swali la kwanza: nani atalipa mwaka wa pili? Ni rahisi kupata mfadhili wa kujenga darasa la chekechea, kwa kuwa darasa hupigwa picha. Ni vigumu kumpata wa kulipa mwalimu kwa miaka 20. Kama mshahara wa mwalimu huyo haumo katika makadirio ya kaunti, darasa hilo litakuwa zizi la mbuzi kabla rangi haijafifia.

Swali la pili: hesabu ziko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha zikiingia shuleni, ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mahali pa wazi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimenunua nini. Asiyejua kusoma asomewe kwa Kisamburu au Kiturkana mbele ya mkutano.

Swali la tatu: ni nani kati yetu aliye na haki ya kusema? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yataka kila shule ya umma iwe na bodi ya usimamizi, na ndani yake wamo watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Viti hivyo visiachiwe wenye maduka peke yao. Mama anayepeleka watoto wanne shuleni ajua mambo mengi ambayo mwenye duka hayajui. Na kaunti inapoita raia kuzungumza makadirio yake, aende mtu kutoka Kipsing hata kama safari ni ndefu, maana mahali pasipo na msemaji husahauliwa kwa urahisi.

Kwa makarani wanaosoma gazeti hili tuna ombi moja. Ninyi mnajua kusoma makadirio ya Serikali na kuandika barua inayofika. Mkienda likizo makwenu, keteni pamoja na bodi ya shule siku moja, mfungue daftari, mwonyeshe mahali pa kuuliza na mlango wa kubisha. Hilo halitaki fedha za nchi yoyote, wala hakuna serikali ya ng'ambo iwezayo kulikata.