Wiki ya Safari, na Neno "Leo Hatuondoki"



Likizo kubwa imefika. Watoto wamefunga madaftari hadi Septemba, na kila nyumba inasikia swali moja: "Mama, tutaenda wapi?" Kwa hiyo juma hili tunawaeleza kazi ambayo kikundi chetu kinafanya wakati wa likizo: kupeleka familia safari ya siku moja, kuvuka Ghuba ya Burton mpaka rasi ya Ubwari na kurudi kabla ya jua kuzama. Kampuni yetu ni ndogo. Tuko wamama sita, tuna madaftari mawili, simu moja na masufuria makubwa. Wengine wanasema tunalipwa kwa kutembea. Basi tuwaoneshe juma lenyewe.

Siku ya kwanza ni ya majina. Tunaandika jina la kila msafiri, umri wake, namba ya simu ya mzazi, na kama ana pumu au kifafa. Siku ya pili ni ya pesa. Mmoja analeta dola, mwingine franga, wa tatu analeta ahadi. Ahadi haiingii katika daftari.

Siku ya tatu tunamwona papa mwenye boti, na boti yenyewe tunaiona kwa macho yetu: mbao, injini, na majile ya kuokoa maisha, tukiyahesabu moja moja, ya wakubwa na ya watoto. Kisha tunaandika mapatano na kutia sahihi. Hapa tuwakumbushe jambo. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume ndipo aingie mapatano ya namna hiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Kuzungumza na mume nyumbani ni jambo jema, lakini sahihi ya mama inatosha.

Siku ya nne ni ya soko: unga wa muhogo, sombe, ndagala, maji safi, sabuni. Siku ya tano tunauliza habari. Kwa chifu tunauliza usalama, kwa wavuvi tunauliza upepo, maana wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaweza kulichafua ziwa kwa muda mfupi. Jumamosi tunasafiri. Kila mama ana watoto wake wa kuangalia, na tunahesabu vichwa mara nne: kabla ya kupanda, tukishuka Ubwari, kabla ya kurudi, na tukifika Baraka. Jumapili, baada ya ibada, tunafanya hesabu ya pesa mbele ya wote.

Mkiangalia vizuri, ni kazi ileile ya kila siku nyumbani: kuhesabu watoto, kupima unga, kujua nani anaumwa. Tofauti ni kwamba hapa inaandikwa na inalipwa.

Lakini kuna jambo moja gumu kuliko yote, nalo lilitupata Jumamosi iliyopita. Tulipofika ufukweni asubuhi, mwenye boti alikuwa ameshapakia magunia ya wafanyabiashara na abiria wengine, na majile ya watoto hayakutosha. Upepo nao ulikuwa umeanza. Tuliwaambia wazazi: "Leo hatuondoki." Watoto walilia. Wazazi wengine walinung'unika, na mmoja akasema boti hizo zinajaa hivyo kila siku na zinafika. Tulirudisha pesa za wote siku ileile, na chakula tukagawa pale ufukweni.

Ziwa hili tunalijua. Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina la mto wetu, ilizama karibu na Moba, na watu zaidi ya 120 wakafa. Kwa hiyo neno "zinafika" halitutoshi.

Swali tuliloulizwa sana juma hili ni hili: mlipata wapi nguvu ya kukataa? Jibu ni sanduku. Pesa ya msafiri si yetu mpaka arudi nyumbani salama. Tukiipokea, inaingia sandukuni na inalala humo. Mafuta na unga tunanunua kwa akiba yetu ya safari za nyuma. Angekuwa mmoja wetu ameshalipa deni kwa pesa ya wasafiri, tungetafuta sababu ya kuondoka, tungesema upepo utatulia. Aliyekula nauli hawezi kusema hapana.

Sanduku hilo si geni kwenu. Ni lile la vikundi vya AVEC, lenye kufuli tatu na wamama watatu wenye funguo. Namna hiyo ya kuweka akiba ilianza nchini Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Sisi tumeongeza tu mfuko mmoja ndani yake: mfuko wa nauli, usioguswa.

Hata wakubwa wanahitaji mfuko huo. Tarehe 5 Julai 1841, huko Uingereza, Thomas Cook alipeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester mpaka Loughborough, kwa shilingi moja kila mtu. Walikuwa watu wa chama cha kupinga ulevi, waliotaka siku moja ya furaha pamoja. Kutoka safari hiyo ndogo ilizaliwa kampuni iliyojulikana dunia nzima. Septemba 2019 ilianguka kwa uzito wa madeni, na wasafiri Waingereza karibu 150,000 wakabaki nchi za nje mpaka serikali yao ikawarudisha. Ilikuwa na ndege na mahoteli, lakini siku ile haikuwa na pesa ya kuwarudisha watu wake.

Katika mkutano wenu wa juma hili, mama mwenyekiti aulize maswali matatu. Je, pesa za watu tunazozishika ziko wapi usiku huu? Nani kati yetu ana haki ya kusema "leo hatuondoki"? Na akisema, sisi wengine tutasimama pamoja naye?

Sisi tutajaribu tena Jumamosi, tukiwa na boti nyingine ambayo tumeshaikagua. Wenye kutaka nafasi, leteni majina mapema, na namba ya simu. Mungu awalinde watoto wetu wote, walio nyumbani na walio njiani.