Waifai kwenye Linux: nyepesi sawa, lakini nani anaitunza?

Wadau, juzi jamaa mmoja hapa chumba cha habari kaniuliza aweke programu gani ya waifai kwenye laptopu yake kuukuu aliyoitia Linux. Anataka nyepesi. Nikamwambia kabla ya wepesi aulize nani anaitunza. Akanicheka. Basi ngoja nieleze nilikojifunzia.

Mwaka 2021 nilikuwa na laptopu ya kurithi kutoka kwa kaka, RAM ya GB 1, Debian ndani. Waifai niliunganisha kwa Wicd. Tulioitumia tuliipenda: kidirisha kidogo, orodha ya mitandao, unabonyeza, unaweka nywila, kwisha kazi. NetworkManager, iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004, tuliiona lori la kubebea kilo moja ya sukari. Kumbe Wicd yetu ilikuwa imeandikwa kwa Python 2, ambayo huduma yake ilikoma Januari 2020, na kazi ya kuihamishia Python 3 haikukamilika kwa wakati. Debian 11 ilipotoka Agosti 2021, Wicd haikuwamo.

Mimi bila kusoma maelezo nikapandisha toleo usiku, kila swali nikajibu ndiyo. Asubuhi nina habari ya kumtumia mhariri (nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, fikiria hofu yake) na waifai hakuna. Kupata programu nahitaji intaneti, kupata intaneti nahitaji programu! Iliyoniokoa ni simu. Niliichomeka kwa waya wa USB, nikaruhusu laptopu itumie data yake, ikaonekana kama mtandao wa waya wa kawaida. Habari ikaenda.

Kilichoniuma nilikigundua baadaye. Wicd ilikuwa uso tu. Kazi yenyewe ya kujitambulisha kwa rauta na kupatana nayo funguo za siri hufanywa na wpa_supplicant, ya Jouni Malinen, na hiyo ilikuwemo kwenye laptopu muda wote. Sikujua amri hata moja ya kuitumia.

Ndiyo maana siku hizi natumia iwd ya Intel, iliyofikia toleo 1.0 Oktoba 2019. Haina kidirisha chake. Unaandika iwctl, unaiambia itafute mitandao, unataja unaoutaka, unaweka nywila. Usimbaji wa siri inautegemea kiini cha Linux badala ya kubeba OpenSSL, kwa hiyo haiji na msururu wa wageni. Kila mtandao una faili lake ndani ya /var/lib/iwd. Ukiandika EnableNetworkConfiguration=true kwenye main.conf, hata anwani ya IP inaomba yenyewe. Ila zima wpa_supplicant kwanza. Mbili zikigombea kadi moja utalia.

Sisemi kila mtu aikimbie NetworkManager. Ina nmtui ya kutumia bila kidirisha, na kama una VPN ya ofisi pamoja na modemu ya laini ya simu, ichukue tu ulale usingizi. Mwenye RAM ya GB 8 ugomvi huu haumhusu kabisa.

Jamaa kaweka iwd jana, baada ya mimi kumlazimisha apakue kifurushi na kukihifadhi kwenye flashi. Leo asubuhi kanijia tena: "Sasa kidirisha kiko wapi?"

Hakuna, bwana. Andika iwctl.