Akianza kutembea, usimvute mguu!

Wiki hii nawaandikia kutoka nyumbani kabisa, Kasanda, huku kwa Waha. Zamani tulikuwa Wilaya ya Kibondo, sasa ni Kakonko. Nipo likizo bwana. Asubuhi ni "mwakeye" huku na "mwakeye" kule, ubaridi wa milimani, ugali wa muhogo na maharage mapya. Wale mnaosema mtoto wa mjini hawezi kushika jembe, njooni muone malengelenge haya.

Raha yenyewe ilikatishwa Jumanne. Simu huku haishiki kila mahali, mpaka upande pale kwenye mwembe wa jirani. Nikapanda, nikawasha, ujumbe wa mdogo wangu aliyebaki Dar ukaingia: "Kaka, lile ua limeng'oka. Linatembea."

Kwa mgeni wa safu hii nieleze kidogo. Pale Sinza ninapokaa nina tangi la kioo la maji ya bahari, lita 300, lenye mawe, samaki wawili watatu na anemoni mmoja. Anemoni ukimtazama utasema ua, lakini ni mnyama. Katikati ana mdomo, kuzunguka mdomo ana minyiri inayowasha kama upupu, na chini ana mguu mmoja mpana wa kunatia kwenye jiwe. Ni ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Na msidhani sisi wa Kigoma hatuhusiki na ukoo huo. Ziwa Tanganyika lina yavuyavu wake wadogo wa maji yasiyo na chumvi, na Mjerumani Richard Böhm aliwaandika tangu 1883. Ila anemoni ukimtia ziwani atakufa, yeye ni wa maji ya chumvi tu.

Sasa mtu atauliza, mnyama kutembea kuna tatizo gani? Tatizo ni kwamba huyu hana macho ya kuona hatari. Anateleza taratibu kwa mguu wake, au anajiachia achukuliwe na maji, na safari za namna hiyo zinaishia kwenye mdomo wa pampu. Pampu ikimvuta, inamsaga. Nyama yake ikitapakaa inachafua maji, na asubuhi unakuta samaki wote wamelala ubavu. Yaani kifo kimoja kinazaa msiba wa tangi zima.

Nikapiga. Binti kapokea huku anahema.

"Kaka, nimrudishe pale pale kwenye jiwe lake? Nina gundi ile kali."

Nikamwambia weka gundi chini, mdogo wangu, na mikono itoe majini. Watu wengi wanaharibu hapa hapa. Anemoni aliyenata ukimvuta kwa nguvu, mguu unachanika, na mguu uliochanika huoza haraka. Gundi ndiyo usiitaje kabisa. Ukimgandisha mahali asipopataka, atajikwanyua na kuacha kipande cha mwili wake pale.

Kazi ya kwanza usiku ule ilikuwa pampu. Alichukua sponji mpya isiyowahi kuguswa na sabuni, akaikata, akafunika kila tundu linalovuta maji, akaifunga kwa uzi wa kuvulia. Pampu hatukuzima usiku kucha, maana maji yasiyozunguka huishiwa hewa.

Halafu nikaanza kumhoji kama polisi. Umebadili taa? Hapana. Umegeuza pampu? Hapana. Umeme? Ulikatika saa mbili tu wiki iliyopita. Maji yanayopungua unajazia nini? Kimya. "Ya bahari, Kaka. Si ni tangi la bahari?"

Hapo nikapata jibu langu. Jamani, sikilizeni hili, hata wazoefu linawapiga chenga. Maji yakikauka kwa joto la Dar, kinachoondoka ni maji tu, chumvi inabaki ndani. Kwa hiyo kinachopungua unajazia maji safi yasiyo na chumvi. Ukijazia ya bahari kila siku, kila siku unaongeza chumvi juu ya chumvi. Nikamwambia achukue kile kipimo cha chumvi, adondoshee tone, asome. Akasoma 1.029. Inatakiwa 1.025 hivi. Anemoni wa watu alikuwa anakimbia kachumbari!

Na kurekebisha nako si kwa pupa. Ukishusha ghafla unammaliza kabisa. Nikampangia atoe maji kidogo ya tangi, atie maji safi polepole, ashushe kama 0.001 kwa siku, asizidishe. Siku nne.

Wakati napiga kelele hizo juu ya mwembe, mzee jirani yuko chini anasikiliza. Akauliza huyo anayetembea ni ng'ombe au nani. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa. Akasema hata wao walipangiwa pa kukaa, Operesheni Kigoma ile ya mwaka 1972 ya kuwaweka watu vijijini, na kuna waliokuwa wanarudi usiku kulala kwenye migomba yao ya zamani. Sikuwa na la kuongeza.

Maana ndivyo ilivyo. Anemoni humpangii kiwanja. Unachoweza ni kukiandaa kiwanja kiwe kizuri kiasi kwamba akifika hataki kwenda kwingine. Huyu wangu ni wa jamii inayopenda kuficha mguu. Anataka ufa mwembamba kwenye jiwe, mguu uzame ndani gizani, minyiri itoke nje kwenye mwanga. Mwanga ni lazima, kwa sababu mwilini mwake wanaishi mwani wadogo sana wanaompikia chakula kwa jua. Akikosa mwanga huwa mweupe kama karatasi, na mweupe huo si urembo, ni njaa. Wako wengine wanaotaka kuzamisha mguu mchangani, na wako wale wakubwa wenye majivuno wanaokaa kileleni mwa jiwe panapopiga mawimbi. Kabla hujaleta mtu nyumbani, ujue kwao analala wapi.

Akiwa mgeni kabisa, mweke kwenye ufa huo, mguu chini, uzime pampu nusu saa hivi ashike. Kama maji yanamsumbua, mfunike kwa chujio la plastiki lenye matundu makubwa siku moja mbili, mwanga na maji vipite. Akishashika, usiguse taa, usigeuze pampu, usipange mawe upya eti sebule ipendeze. Na tangi lenyewe liwe limekomaa miezi sita au zaidi. Vijana mnaonunua tangi Jumamosi na kutaka anemoni Jumapili mnanitia simanzi.

Samaki wale wanaolala ndani ya minyiri, waache kwanza anemoni apone. Wanampenda lakini wanamsugua sugua, na mgonjwa hataki kusuguliwa. Kwa taarifa yenu, yule wa filamu ya Nemo ya 2003 si wa pwani yetu. Wa kwetu ni yule wa rangi ya waridi mwenye mstari mweupe mgongoni, na yule mweusi mweusi mwenye mikanda miwili myeupe. Wala msiende na bisibisi Bongoyo au Mbudya kung'oa, visiwa vile ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Wangu nilipewa na jamaa mfugaji baada ya wake kujigawa wawili. Ndiyo, anajigawa mwenyewe, bila harusi.

Joto nalo mliangalie. Digrii 25 hadi 27 anafurahi. Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata moto wa El Niño, matumbawe mengi ya Tanzania na Kenya yalibaki meupe, mengi yakafa. Kama bahari nzima ilishindwa, tangi la Sinza lenye feni moja si la kulidharau. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri inaokoa roho.

Haya yote ni taabu, sikatai. Lakini huyu mnyama akitulia anakaa. Kule Uskoti, John Dalyell aliokota anemoni mmoja mwaka 1828, wakamwita Bibi. Dalyell mwenyewe akafa 1851, Bibi akarithiwa na watu wengine, akaja kufa 1887. Mahesabu fanyeni wenyewe.

Jumamosi nikapanda tena mwembe. Chumvi imefika 1.025. Na mtembezi?

"Ameshika, Kaka. Siku ya pili hii hajasogea, mdomo ameufunga vizuri, rangi imerudi. Ila amekwenda kukaa nyuma ya jiwe kubwa, upande wa dirishani. Ukiwa kwenye kochi humwoni."

Nikamuuliza kochi lina uzito gani. Akasema analiweza. Nikamwambia basi ligeuze kochi, na asimpe chochote mpaka wiki iishe, ndipo ampe kipande cha kamba kidogo kama ukucha wa kidole kidogo.

Wiki ijayo nitakuwa Dar, nauli ikipatikana. Maharage nitawaletea.