Volti Moja na Nukta



Katika likizo ya Agosti tulikuwa wageni Migori, nyumbani kwa binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko. Mumewe huuza samaki Homa Bay na hurejea mwisho wa juma. Yeye ana kompyuta ya mezani, iliyonunuliwa kwa fedha za chama, ambayo huitumia kupiga chapa mitihani ya shule za jirani na kadi za harusi. Tulimkuta na huzuni. Kompyuta ilikuwa imekufa tangu juzi, ikinuka kuungua, na tayari alikuwa amemtolea maneno makali jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma, akidai kuwa mashine zake ndizo zilizovuruga stima ya mtaa. Mwanawe wa miaka 17 alikaa kando, kimya, akitazama sakafu.

Siku ya pili tulifuatana na kijana huyo kwa matatu, tukapitia Rongo hadi Homa Bay, ambako baba yake anajuana na fundi wa kompyuta. Fundi alifungua kasha, akapima sanduku la umeme, akaliona halina kasoro. Kisha akatuonyesha vipande vidogo vilivyoungua kandokando ya prosesa.

"Sheikh," akasema, "ingekuwa ni stima ya nje, sanduku hili ndilo lingetangulia kufa. Moto huu umeanzia ndani." Akamgeukia kijana: "Mwanangu, uliongeza volti?"

Kijana akaanza kulia.

Tuwaeleze tulivyoelezwa. Umeme wa ukutani ni volti 240. Sanduku la umeme huushusha hadi volti 12, na vile vipande vya madabodi huushusha tena hadi volti moja na nukta. Hicho ndicho chakula cha prosesa. Vijana hupenda kuzidisha kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani, ili michezo na kazi za video ziende upesi. Jambo hilo si kosa kwa lenyewe, kwani zipo prosesa na madabodi zilizoundwa kuliruhusu. Lakini kasi ikizidi, prosesa huhitaji volti zaidi ili isikosee hesabu zake, na joto hupanda upesi kuliko volti. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa takriban asilimia 21, kabla ya kuhesabu joto la kasi yenyewe. Kijana wetu alitoka volti 1.20 hadi 1.45 kwa usiku mmoja, kwa feni ileile ndogo. Volti peke yake ilimzidishia joto kwa karibu nusu.

Wala jambo hili haliwapati watoto peke yao. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kuwa volti iliyopita kiasi ilikuwa ikichakaza baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14. Ikatoa marekebisho, na ikaongeza miaka miwili juu ya dhamana yake.

Fundi hakumkataza kijana. Alimfundisha utaratibu, nasi tunaunakili kwa faida ya kila mama mwenye mtoto wa namna hii. Kwanza, nakili kazi zote za nyumbani mahali pengine. Pili, toa vumbi na ubadilishe ile dawa ya kusambaza joto iliyo juu ya prosesa, kwani wakati mwingine uzito wa kompyuta kuukuu unatokana na joto. Tatu, andika namba za asili kwenye karatasi, wala usiiachie madabodi ijichagulie volti, maana mara nyingi hutoa zaidi ya inayohitajika. Nne, pandisha kasi daraja moja tu, na uongeze volti pale tu kompyuta inapokwama, kwa sehemu moja ya mia ya volti kila mara. Tano, baada ya kila hatua, ipe kazi nzito kwa saa moja huku ukisoma joto. Likipita nyuzi 85, rudi nyuma.

Sisi tukaongeza la sita: muulize mwenye mali. Kompyuta ile ilikuwa ya mama yake, na mitihani iliyomo ilikuwa amana za watu. Kuuliza si ujinga.

Alhamdulillahi, diski ilikuwa salama. Baba alinunua madabodi ya mtumba, na kijana akabaki kwa fundi hadi likizo ikaisha, akifanya kazi ya kuilipia. Huko alijifunza jambo ambalo hakulitarajia: walishusha volti kidogo chini ya kiwango cha kiwandani, kasi ikabaki ileile, na joto likapungua.

Lakini kabla ya hayo, jioni ile ile tulirudi naye Migori, akamweleza mama yake kila kitu. Mama alinyamaza kitambo kirefu. Tulidhani atampiga. Kisha akavaa buibui lake, akamshika mwanawe mkono, wakaenda wote wawili kugonga mlango wa jirani.

Walirudi baada ya Isha. Jirani aliwasamehe, akawapa na chai. Kijana alituambia kwamba kugonga mlango ule kulimwia kuzito kuliko kuungama mbele ya fundi.

Wabillahi tawfiq.