NANI YUDA?



Hapa Babati, penye njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, neno moja limezoeleka mno vinywani mwa watu wa chama: Yuda. Mwanachama akisimama mkutanoni kuuliza hesabu, ni Yuda. Akimpinga mwenyekiti mbele ya watu, ni Yuda. Na wanaosema hivyo, wengi wao ni Wakristo ambao habari hiyo wanaijua tangu utotoni!

Basi twawakumbusha. Yuda alikuwa mshika mfuko. Manukato ya dinari 300 yalipomiminwa miguuni pa Bwana wake, alinung'unika akijifanya kuwasemea maskini, kumbe alikuwa mwizi wa mfuko huo. Alipatana bei kwa siri, vipande 30 vya fedha, kisha akaja na busu. Tomaso alitilia shaka waziwazi, wala hakuitwa msaliti. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia, na bado akakabidhiwa kondoo. Msaliti ni yule amwuzaye mwenzake huku akila naye sahani moja.

Chama kilichotuzaa kiliwahi kulitumia neno hili kwa pupa. Oscar Kambona, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, alikuwa Katibu Mkuu wa TANU na mtu wa karibu sana wa Mwalimu Nyerere. Askari walipoasi Januari 1964, yeye ndiye aliyewaendea kusema nao. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 walitofautiana. Akajiuzulu, akakimbilia Uingereza mwaka huo huo. Akaitwa msaliti. Kesi ya uhaini iliyoanza 1970 ilimtaja kuwa kiongozi wa njama, naye hayupo kizimbani kujitetea. Alirudi nchini 1992, akafariki 1997, bila mahakama kumtia hatiani. Hatusemi alikuwa malaika. Twauliza tu: ndugu zake wawili waliowekwa kizuizini bila kuhukumiwa, walikuwa wakilipa deni la nani?

Na vile vipande 30, leo viko wapi? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Sheria imekwenda, bahasha imebaki. Apokeaye bahasha usiku akamwuza mwenzake kwenye kura za maoni, huyo mkutanoni hapingi neno. Hupiga makofi kuliko wote!

Bwana aliposema mezani kwamba mmoja wao atamsaliti, hakuna mwanafunzi aliyemnyoshea mwenzake kidole. Kila mmoja aliuliza kama ni yeye. Wana-chama wa Babati, tuanzie hapo. Aulizaye hesabu ajibiwe kwa hesabu, si kwa matusi. Daftari lisomwe mbele ya wote. Na kabla ya kumwita mwenzio Yuda, kwanza kunguta mfuko wako mwenyewe.