Kondoo wetu hana sufu, bati letu halina dari
Na Emanueli Safari

Julai wauza mablanketi wa Mbulu mjini hawana malalamiko. Anayelalamika ni aliyehamia nyumba mpya ya tofali za kuchoma na bati jekundu la msauzi, kisha alfajiri akaamshwa na tone la maji usoni wakati masika yameshaisha. Bati limetoa jasho. Pumzi za waliolala zimepanda, zimekuta chuma kilichopoa usiku kucha, zimegeuka maji.

Kijana mmoja ameniletea dawa aliyoiona kwenye simu: Uingereza kuna watu wanaotandaza sufu ya kondoo juu ya dari ili nyumba isipoteze joto. Si mzaha. Sufu hunasa hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Tena hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake, wala haishiki moto kirahisi. Wafugaji wa huko hawaringi nayo, maana mara nyingi bei yake hailipi hata ujira wa mnyoaji. Ila ikiwa mbichi ina mafuta, samadi na harufu, na nondo huila, kwa hiyo huoshwa na kutiwa dawa kwanza.

Sasa nenda mnadani ukamtazame kondoo wetu. Mkia wa mafuta, nywele fupi. Huyu tunamfuga kwa nyama, na anasifika kwa kustahimili minyoo. Ukimnyoa, hupati cha kujaza hata mto. Kondoo wa sufu, Merino na Corriedale, wako Kenya, pande za Molo na Nyandarua. Kuagiza sufu toka huko hadi kwetu Haydom kwa ajili ya dari ambayo haijajengwa ni kutafuta umaarufu tu.

Maana kinachokosekana ni hiyo dari. Kwetu ujenzi huisha siku bati linapopigiliwa. Pilau inapikwa, watu wanahamia, dari "itafuata", na miaka kumi baadaye bado unahesabu kenchi ukiwa kitandani. Pesa ikipatikana inakwenda kwenye geti.

Kabla ya bati, wazee wetu wa Kiiraqw walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likawa sawa na mteremko, ili wavamizi wa Kimasai wapite wasizione. Usalama ndio uliowasukuma, lakini udongo ule ulimeza jua la mchana ukalitoa polepole usiku, na ng'ombe waliolala humo humo walikuwa jiko lisilodai kuni. Sisemi turudi huko. Moshi, viroboto, paa la kukarabati kila mwaka: bibi yangu hakulilia tembe alipopata bati, wala simlaumu. Tatizo ni kwamba bati lilikuja peke yake.

Cha kuliongezea kipo: wilaya jirani ya Hanang ina mabua. Tangu mashamba makubwa ya shirika la umma la NAFCO yaliyokuzwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 (juu ya malisho ya Wabarbaig, na kijiji cha Mulbadaw kilifika hadi mahakamani kwa ajili hiyo), ngano imekuwa zao la wilaya. Kombaini ikishapita, mifugo hula sehemu ya mabua, mengine huchomwa. Bua la ngano lina uwazi ndani, nao umejaa hewa. Yachovye mabua hayo kwenye uji wa udongo, yatandaze juu ya dari unene wa kiganja, yaache yakauke. Hayafikii sufu, na panya watayapenda. Yakikosa udongo yatawaka, kwa hiyo nyaya za umeme zipite kwenye paipu, na fundi ahakikishe kwanza kenchi zinabeba.

Fundi mmoja wa Dongobesh alinijibu, "Mzee, nikimwambia mteja aweke majani juu ya dari, ataniona mshamba." Namwelewa. Mteja hafuati maneno, anafuata alichokiona kwa jirani.

Basi halmashauri za Mbulu na Hanang zianze. Nyumba moja ya mwalimu, vyumba viwili vinavyolingana, vyote vina dari, kimoja kina mabua juu na kingine hakina. Kila chumba kipimajoto cha bei rahisi, kisomwe saa kumi na moja alfajiri, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji ambako fundi na mteja wake watayaona. Mabua yenyewe yanataka haraka: ngano inavunwa msimu huu, na anayechoma shamba hasubiri kikao cha madiwani.