Kaskazi Inapoingia Uwanjani

Jumatano nilikuwa Vipingo, Kilifi, kwenye uwanja wa gofu wa Baobab: mashimo 18, mikwaju 72 kwa anayeijua kazi yake. Zamani hapa palikuwa shamba la mkonge. Mibuyu iliyoupa uwanja jina ingali imesimama, na kutoka kilimani unaiona bahari yote. Aliyeuchora, David Jones wa Ireland Kaskazini, alishinda Kenya Open mwaka 1989, kwa hiyo hakuja huku akiwa mgeni wa nyasi zetu.

Ila ugumu wenyewe hauko kwenye nyasi, uko kwenye upepo wa kaskazi. Tulifika shimo la upande wa bahari nikiwa nimeshashika chuma namba 7. Kedi wangu, kijana ambaye baba yake ni mvuvi wa Takaungu, aling'oa nyasi kidogo, akaziinua usawa wa sikio, akaziachia. Zikapotelea kulia. Akaitwaa ile fimbo mkononi mwangu akanipa namba 5.

“Mzee, bendera iache. Piga kwenye ule mbuyu wa kushoto.”

Nikapiga. Mpira ulielekea mbuyuni, ukasita hewani, halafu ukapinda taratibu hadi ukatua pembeni mwa grini.

“Na kusi je?”

“Kusi ikiingia, mbuyu huo usahau. Unalenga mchangani kulia, upepo wenyewe utakurudisha.”

Basi uwanja mmoja ni viwili, na anayeijua tofauti ni mtoto wa mvuvi. Elimu hii haijaandikwa popote pale klabuni. Imetoka majini, kwa watu ambao wasipousoma upepo hawarudi nyumbani na samaki.

*

Hapo hapo Vipingo ndipo wanawake wa mashindano ya Ulaya walipochezea Magical Kenya Ladies Open. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda Desemba 2019, akashinda tena Februari 2022. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Aditi Ashok wa India, na 2024 Shannon Tan wa Singapore, binti wa miaka 19. Wote walishinda katika miezi ya kaskazi, msimu ule ule majahazi ya India yalipokuwa yakishuka kwetu. Nimefurahi nao wote. Lakini moyo wangu unamtaka binti wa Kilifi, aliyezaliwa ndani ya upepo huu.

*

Klabu ya gofu ya Mombasa, ya tangu 1911, ina mashimo 9 tu. Usiidharau. Meli zinapoingia Kilindini zinapita karibu mno hivi kwamba unasubiri kwanza zipite, ndipo upige.

*

Ijumaa, klabu nyingine ya Pwani, sitaitaja. Makedi kumi na mmoja wamekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini tangu alfajiri. Hulipwa kwa mzunguko. Asiyepata mteja anarudi mikono mitupu, nauli yake imekwisha. Mgeni analipia nyasi, anakodi kigari, analipia hata soda, na wale wanaomjulisha upepo unatoka wapi hawana hata mshahara mdogo wa siku. Hili linaniuma, na ningependa wanachama walijadili kabla ya mvua za masika kuwafukuza wageni.

Saa nne wawili wakaitwa. Waliobaki wakasogea kwenye benchi, kila mmoja nafasi mbili karibu zaidi na mlango.